Nyumba za vipande zaweza kutufaa Pwani, lakini tuanze na swali la ardhi

Haipiti wiki mbili bila mtu kunitumia kwenye simu picha ya kontena lililopakwa rangi, limetobolewa dirisha la kioo na kuwekewa kibaraza cha mbao, na chini yake swali: hii hapa Mombasa itanigharimu pesa ngapi? Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba, kwa hivyo sishangai kuulizwa. Ila nami hujibu kwa swali: utaiweka juu ya ardhi ya nani? Hapo mazungumzo hubadilika. Wengine hunyamaza. Wengine huniambia hilo wataliangalia baadaye, niwape bei kwanza.

Makala haya ni ya hao wa "baadaye". Nataka kueleza nyumba ndogo za vipande ni nini, zinajengwaje, zinaweza kumsaidia nani hapa Pwani, na kwa nini kwetu sisi faida yake kubwa haiko kwenye bei ya ukuta bali kwenye uwezo wake wa kufunguliwa, kuhamishwa na kuongezwa. (Na nikisema nyumba ndogo, jamani, nazungumzia nyumba yenye ukubwa mdogo. Ile nyingine ina waandishi wake.)

Nyumba ya vipande ni nyumba ambayo sehemu zake, yaani nguzo, kuta, paa na madirisha, zimekatwa kwa vipimo vinavyolingana kiasi kwamba kipande kimoja chaweza kushika nafasi ya kingine. Sehemu hizo hutengenezwa karakanani, kisha huletwa na kuunganishwa kwa bolti badala ya kumwagiwa zege zikawa kitu kimoja. Ukitaka chumba cha pili, unaongeza vipande. Ukitaka kuhama, unafungua bolti. Hilo ndilo wazo lote, mengine ni mapambo ya wauzaji.

Nyumba yako, ardhi ya mwenzio

Kwa msomaji asiye wa Mombasa, nifafanue kwanza hali ambayo sisi tumeizoea hadi hatuoni ajabu yake. Majengo, Kisauni, Likoni, Changamwe na kwingineko kuna watu wengi wenye nyumba lakini wasio na ardhi. Mtu hukodi ploti tupu, hulipa kodi ya ardhi kila mwezi, kisha hujenga nyumba yake mwenyewe juu yake. Nyumba ni mali yake: anaishi humo, anapangisha vyumba, anaweza kuiuza, na akifa warithi wake huirithi. Ardhi inabaki kuwa ya mwenyewe, ambaye pengine hajawahi kuonekana mtaani, hutuma wakala tu kuja kukusanya.

Mizizi ya jambo hili ni mirefu. Desturi ya Pwani, iliyokua pamoja na sheria ya Kiislamu, iliruhusu mti au nyumba kuwa na mwenyewe, na ardhi kuwa na mwenyewe mwingine. Mnazi wangu ungeweza kusimama kwenye shamba lako na hakuna aliyeona vibaya. Kisha mwaka 1908 serikali ya kikoloni ikaleta sheria ya hati za ardhi katika ule ukanda wa maili kumi uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar. Waliojua kudai kwa makaratasi wakapata hati. Wengi waliokuwa wakiishi na kulima bila makaratasi hawakupata, na wajukuu wao wakaja kuitwa wapangaji au maskwota. Sheria ya Kiingereza nayo ilikuja na wazo lake kwamba kilichoshikamana na ardhi ni sehemu ya ardhi hiyo. Nyumba bila ardhi imekuwa ikining'inia kati ya mawazo hayo mawili tangu wakati huo.

Ubaya wake huonekana siku ardhi inapouzwa na mnunuzi akataka ploti yake ikiwa tupu. Nimesimama zaidi ya mara moja katika mitaa iliyopewa notisi, na nitakwambia kwamba ukitazama watu wanavyobomoa kwa mikono yao kabla tingatinga halijafika, utajifunza kuhusu ujenzi kuliko darasani. Kwanza hushushwa mabati, mtoto akikusanya misumari ya kunyooshwa. Kisha milango na fremu zake, madirisha na vyuma vyake, mbao za paa, tangi la maji. Vyote hivyo hupakiwa mkokoteni vikaondoka. Kinachoachwa nyuma ni ukuta, sakafu ya saruji, msingi na shimo la choo, na hapo ndipo zilipoingia pesa nyingi za familia.

Kwa maneno mengine, mtu anayejenga juu ya ardhi isiyo yake tayari anajenga nyumba ya vipande, ila nusu tu. Paa lake linahamishika, ukuta wake hauhamishiki. Swali langu kama mchora ramani ni hili: tunaweza kuchora nyumba ambayo familia ikilazimika kuondoka, itaondoka na sehemu kubwa zaidi ya jasho lake? Naamini tunaweza. Na hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano.

Boriti ilikuwa kipimo

Ukiingia katika nyumba za mawe za Lamu, ule mji wa kale ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, utaona vyumba ni virefu lakini vyembamba. Upana hauzidi sana mita mbili na nusu hadi tatu. Si kwamba wazee walipenda kubanana. Dari lilibebwa na boriti za mikoko, na boriti yenye nguvu ya kutosha ina urefu wake. Urefu wa mti ndio ulioamua upana wa chumba, na upana wa chumba ukaamua nyumba nzima.

Zaidi ya hapo, miti ya mikoko yenyewe ilikuwa na madaraja. Kuna fito, pau, mazio, boriti, nguzo, na kadhalika, kila daraja na unene wake na kazi yake, ikihesabiwa kwa korja, yaani ishirini ishirini. Fundi wa Mombasa akiagiza korja tatu za mazio kutoka Lamu, mkataji alijua hasa anachotaka bila kuona ramani. Huo ndio mfumo wa vipande ambao leo makampuni yanautangaza kama uvumbuzi: sehemu zenye majina, zenye vipimo, zinazoeleweka na muuzaji na mjenzi.

Nyumba ya Kiswahili ya udongo na fito nayo ilikuwa na mpango wake: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, mara nyingi sita, na uani nyuma penye jiko, bafu na choo. Haikujengwa yote siku moja. Mtu alianza na vyumba viwili vya mbele na ukumbi, akaezeka, akahamia. Akipata, akaongeza nyuma. Vyumba alivyopangisha vilimlipia vilivyofuata.

Sisemi turudi kukata mikoko. Serikali ilipiga marufuku kuuza miti ya mikoko nje ya nchi mwaka 1982, na mwaka 2018 ukaja usitishaji wa ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii uliowaumiza sana wakataji wa Lamu. Mikoko ina kazi kubwa ya kuzuia mmomonyoko na kulea samaki. Lakini mti wa mvinje unapandwa mashambani Kwale na Kilifi, unakua haraka, na tayari ndio nguzo za ujenzi katika sehemu nyingi. Ukikaushwa vizuri na kutiwa dawa ya mchwa, unafanya kazi ya boriti. Tunachotakiwa kurudisha ni tabia ya kukubaliana vipimo.

Jinsi ninavyoichora

Mafundi wetu bado wanahesabu kwa futi, na chumba cha kupangisha kinachojulikana na kila mtu ni cha kumi kwa kumi. Mimi huanza na kumi kwa kumi na mbili. Sababu ni rahisi: mbao za plaiwudi na za dari huuzwa zikiwa futi nne kwa nane, kwa hivyo ukigawa kila kitu kwa futi mbili mbili, unakata bila kutupa masalio. Upande wa futi kumi unagawanyika mara tano, wa kumi na mbili mara sita. Kila kipande cha ukuta ni cha upana wa futi mbili au nne, na mlango au dirisha huingia mahali pa kipande kimoja bila kusumbua vingine. Fundi akijua hivyo, hata ramani hahitaji kuitazama kila saa.

Hapa ndipo kontena linaposhindwa, na nalisema kwa heshima zote kwa wanaoyauza. Kontena la futi ishirini lina upana wa futi nane kwa nje. Kwa ndani ni kama mita 2.35, na hiyo ni kabla hujaweka kitu cha kuzuia joto. Ukishaweka, unabaki na chumba chembamba kuliko ukumbi wa Lamu. Chuma hubeba joto upesi, na bila kivuli na kinga ya ndani, saa nane mchana mwezi wa Februari hakuna atakayekaa humo. Kulisafirisha unahitaji lori na winchi, na barabara ya kuingia. Nenda Ziwa la Ng'ombe au ndani kule Mtongwe utazame kama winchi itapita. Kipande cha ukuta cha futi nne kwa nane hubebwa na watu wawili, au mkokoteni mmoja, mpaka mlangoni. Kwenye vichochoro vyetu, nyumba inayofaa ni ile inayopita kichochoroni.

Msingi ndio sehemu ngumu kuhamisha, kwa hivyo nauweka mdogo. Badala ya kumwaga zege ploti nzima, nguzo zinasimama juu ya vitako vya zege au vya mawe ya kukatwa ya Kilifi, na kila kitako kina chuma chenye matundu ya bolti kichwani. Sakafu inainuliwa futi moja na nusu hivi kutoka ardhini. Mvua za masika zikija, maji hupita chini, na mchwa akipanda unamwona. Ukiondoka unaacha vitako tu, na hata hivyo vinaweza kuchimbuliwa.

Bolti! Hapa lazima nikae kidogo, maana ndipo fundi mwenye haraka anapoharibu kazi. Hewa ya bahari hula chuma. Bolti ya kawaida ukiifunga Nyali au Shelly leo, baada ya miaka michache itakuwa imeshikana na kutu, na utahitaji msumeno kuifungua. Nyumba ya vipande isiyofunguka haina maana tena. Tumia bolti zilizochovywa kwenye zinki, zipake grisi kabla ya kufunga, na ziweke mahali spana inapofika. Zina bei kuliko za kawaida, ndiyo. Punguza urembo wa geti, usipunguze bolti.

Ukuta una njia kadhaa. Palipo na usalama mdogo wa ardhi, natumia fremu za mbao zilizofunikwa kwa mabao nje na ndani, au vipande vya fito na udongo vilivyosukwa ndani ya fremu, ambavyo ni vizuri kuliko watu wanavyodhani iwapo paa litakuwa na upenu mrefu. Palipo na usalama zaidi wa ardhi, matofali ya udongo yanayoshikana ni chaguo zuri. Haya hushindiliwa kwa mashine ya mkono, udongo mwekundu ukichanganywa na saruji kidogo, kwa kawaida kati ya asilimia 5 na 8, kisha hufunikwa na kunyunyiziwa maji kwa wiki moja au zaidi. Hayachomwi, kwa hivyo hakuna kuni zinazoteketea. Na kwa kuwa yana ulimi na mfereji, yanajengwa kwa saruji kidogo sana kati ya tofali na tofali, hivyo mengi yanaweza kubanduliwa yakiwa mazima. Udongo wa mchanga mtupu wa ufukweni haufai. Pima kwanza kwa kufinyanga tonge: likibomoka likikauka, tafuta udongo mwingine.

Upepo ni bure, basi tuutumie. Kusi hutujia kutoka kusini, kuanzia kama Aprili hadi Septemba. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi. Chumba chenye dirisha ukuta mmoja tu hakipati hata mmoja wao sawasawa. Ninachora matundu kwenye kuta mbili zinazotazamana, moja chini na moja juu, na kuacha nafasi ya kiganja kati ya ukuta na paa, iliyozibwa kwa wavu wa mbu. Hewa moto hupanda ikatoka. Mabati nayapaka rangi nyeupe na kuweka dari chini yake. Makuti ni baridi zaidi, lakini huhitaji kubadilishwa kila baada ya miaka michache, na nyumba zikikaribiana, cheche moja inaweza kumaliza mtaa mzima.

Choo ndicho kisichohamishika

Watu wanaouza nyumba ndogo hupenda kuonyesha kitanda kinachokunjwa. Mimi huanzia chooni. Bafu, choo na jiko ndizo sehemu ghali, kwa sababu ya mabomba, saruji na shimo. Zikiwekwa ndani ya kila chumba cha kumi kwa kumi na mbili, bei inapanda na chumba kinakwisha. Wazee wetu walizitoa uani. Naona walikuwa sahihi kwa sehemu kubwa.

Ninachopendekeza kwa kikundi cha familia nne ni vyumba vinavyozunguka ua mmoja, na upande mmoja wa ua kiini cha maji kilichojengwa kwa mawe: vyoo viwili, mabafu mawili, sehemu ya kufulia na tangi juu yake. Kiini hiki ndicho kitu pekee cha kudumu kwenye ploti, na gharama yake inagawanywa kwa wanne. Familia ikipata uwezo inaongeza choo chake. Shimo la maji taka lisiwe karibu na kisima, kwani mwamba wetu wa matumbawe una matundu kama sifongo, na kinachoingia chooni hakichukui muda kufika kisimani. Jambo hili limetuletea kipindupindu zaidi ya mara moja, na bado ploti zinachorwa choo na kisima vikitazamana.

Maji ya paa nayo tuyahesabu. Chumba cha kumi kwa kumi na mbili pamoja na baraza na upenu kinaweza kuwa na paa la mita za mraba 20. Mombasa hupata mvua ya takriban milimita 1,000 na ushei kwa mwaka. Ukikinga asilimia 80 yake, hiyo ni lita 16,000, sawa na mitungi 800 ya lita ishirini ambayo hukuinunua kwa mwenye mkokoteni. Bila shaka huwezi kuyahifadhi yote, maana mengi huja kwa pamoja mwezi wa Aprili na Mei, lakini tangi la lita 1,000 hujaa kwa milimita sitini na kitu tu. Kwa mji unaotegemea maji ya kutoka Mzima, Baricho, Marere na Tiwi, ambayo mabomba yake kila mtu anajua hukauka lini, hilo si dogo.

Nusu ya nyumba nzuri

Mfano ninaoupenda kuutaja uko mbali, mji wa Iquique kaskazini mwa Chile, kwa sababu tatizo lake lilikuwa la kwetu kabisa. Familia zipatazo 93 zilikuwa zimeishi kwa miaka thelathini bila hati kwenye nusu hekta katikati ya mji, mtaa wa Quinta Monroy. Serikali ilikuwa na ruzuku ya dola 7,500 kwa kila familia, na hiyo ilitakiwa kununua ardhi, kuleta maji na barabara, na kujenga nyumba. Njia ya kawaida ingekuwa kuwapeleka nje ya mji ambako ardhi ni rahisi. Mbunifu Alejandro Aravena na wenzake wakafanya jambo jingine: pesa nyingi zikaenda kwenye ardhi ileile ya katikati, na zilizobaki zikajenga nusu ya nyumba nzuri, yaani choo, jiko, ngazi, kuta za kutenganisha majirani na paa. Pembeni ya kila nusu ikaachwa nafasi tupu ya ukubwa uleule. Nyumba zilikamilika mwaka 2004 zikiwa na kama mita za mraba 36. Wenyewe wakajaza nafasi hizo kwa mikono yao hadi kufikia kama mita 70. Aravena alipewa tuzo ya Pritzker mwaka 2016.

Wengi wanaosimulia habari hiyo husifia ile nusu. Mimi naona kilichowaokoa watu wale ni kwamba walibaki karibu na kazi zao na shule za watoto. Udogo wa nyumba ndio uliolipia mahali. Mchuuzi wa Kongowea akipewa nyumba nzuri ya vyumba vitatu Mariakani, nauli itakula kila alichookoa kwenye kodi.

Linganisha na yanayotokea kwetu. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 imetuwekea tozo ya asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri anaongeza kiasi hichohicho. Yanayojengwa ni maghorofa, na sina ugomvi na ghorofa mahali pake. Lakini ghorofa hununuliwa ikiwa imekamilika. Huwezi kuanza na chumba kimoja mwaka huu, ukaongeza cha pili baada ya msimu mzuri wa biashara. Mwenye kipato cha leo kipo kesho hakipo anahitaji nyumba inayokwenda mwendo wake.

Na kule Kilifi, mradi wa Mvule Gardens umetuonyesha nyumba ambazo kuta zake zimechapishwa kwa mashine, kumi za kwanza zikichukua wiki kumi. Nilifurahi kuona teknolojia ya namna hiyo Pwani. Ila ukuta ni sehemu moja tu ya gharama. Ardhi, paa, mabomba, stima, barabara na riba ya benki havichapishwi.

Kuongezeka lazima kuchorwe tangu mwanzo. Upande utakaoongezwa chumba uachwe bila choo wala dirisha kubwa, nguzo za upande huo ziwe tayari na matundu ya bolti, na mteremko wa paa uelekee upande mwingine ili maji yasije yakamwagika ndani ya chumba kipya. Haya yakichorwa mapema hayagharimu karibu chochote.

Karatasi kabla ya spana

Nyumba inayohamishika ina hatari yake, na heri niitaje mwenyewe kabla hamjanitajia. Mwenye ardhi anaweza kusema: kama nyumba yenu inafunguka, basi ondokeni kesho. Sitaki kazi yangu igeuzwe kuwa njia rahisi ya kufukuza watu. Katiba ya 2010, ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya makazi yanayofikika na ya kutosha, na haki hiyo haijaambiwa kuwa ni ya wenye kuta za zege tu. Vilevile nyumba ndogo bado ni ujenzi. Sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 inataka kibali cha kaunti, na usikubali muuzaji akwambie kwamba kwa kuwa ina bolti haihitaji kibali.

Ndiyo sababu narudia ardhi. Wakenya tuna mfano wetu ambao husahaulika, na uko hapahapa, Voi. Mtaa wa Tanzania-Bondeni, uliokuwa makazi yasiyo rasmi, ulichagua miaka ya mwanzo ya 1990 kuimiliki ardhi yake kwa pamoja kupitia amana ya jamii badala ya kila mtu kukata kipande chake. Ardhi inabaki ya wote na haiuzwi, mwanachama anamiliki nyumba aliyojenga juu yake. Sababu yao ilikuwa ya busara: waliona mahali pengine maskini wakipewa hati, kisha tajiri akapita akizinunua moja moja mpaka mtaa ukahama. Ubaya ni kwamba makaratasi ya namna hiyo huenda polepole, na asiye na hati ya jina lake benki humpa kisogo. Kwa hivyo mkopo hutoka kwenye chama au SACCO, na mkopo wa chama ni mdogo. Hapo nyumba ya vipande inaingia vizuri, kwa kuwa mkopo mdogo unanunua chumba kimoja kilichokamilika badala ya msingi wa nyumba ya ndoto utakaoota magugu kwa miaka sita.

Kwa ambaye hana kikundi wala amana, na anakodi ploti kwa mtu kama wengi wetu, nenda na mkataba wa maandishi kwa wakili kabla hujanunua nguzo hata moja. Muda wa kukaa utajwe kwa miaka, si "tutaelewana". Kodi ya ardhi itajwe, na ni lini inaweza kupanda. Iandikwe wazi kwamba nyumba na vipande vyake vyote ni mali ya aliyejenga na kwamba haviwi sehemu ya ardhi, hata vikikaa miaka ishirini. Notisi iwe ya miezi, na ardhi ikiuzwa mnunuzi aingie ndani ya mkataba uleule. Vitako na kiini cha maji, ambavyo vitabaki, viwekewe fidia kwa kipimo kinachojulikana. Orodha ya vipande, kuanzia nguzo hadi bolti, iambatishwe na kutiwa saini kila ukurasa na pande zote mbili mbele ya mashahidi, na nakala moja ihifadhiwe mahali pengine nje ya nyumba hiyo.